Furaha Hachezi

Stanley aliendesha watalii kwa miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakutokea mnyama wa kumshinda. Chui akijibanza juu ya mgunga na kubakiza ncha ya mkia tu, Stanley alikuwa ameshamwona wakati madereva wenzake bado wanapangusa miwani. Tembo akitikisa masikio, alijua kama ni hasira au ni nzi. Wageni walimwamini mno, hata fisi akipiga miayo walimgeukia Stanley kuuliza fisi anamaanisha nini, naye alikuwa na jibu. Liwe la kweli, lisiwe la kweli, jibu lilikuwepo.

Akastaafu, akarudi kukaa nyumbani kwake Engutoto, Arusha, na hapo ndipo alipokutana na mnyama wa kumtoa jasho: mbwa wake mwenyewe.

Wazo la kufuga lilikuwa la mkewe, Nice, mwanamke wa Kimeru kutoka Nkoaranga, mpole kwa watu wote isipokuwa anayemwingilia jikoni. Na Stanley, alipostaafu, alihamia jikoni. Alipanga upya makopo ya viungo. Alimfundisha Nice kukata vitunguu, kazi ambayo Nice alikuwa akiifanya tangu kabla hawajafahamiana. Kila jioni alimsimulia habari za simba jike aliyeingia chini ya gari kufuata kivuli, hadithi ambayo Nice aliijua yote mpaka pale Stanley anapokohoa. Siku aliyoonja mchuzi akasema hata nyumbu asingevumilia chumvi ile, Nice aliweka mwiko chini.

"Baba Hanna," akasema, kwa ile sauti ya upole ambayo watu wa nyumba ile waliiogopa kuliko kelele, "tafuta kitu ufuge. Fuga chochote unachotaka. Fuga hata kenge, mradi umfugie nje."

Basi Stanley akaenda Ngaramtoni siku ya soko kumwona Loishiye, mfugaji waliyejuana tangu ujana. Loishiye alikuwa amewagawia wanawe ng'ombe wote, akabaki na mbuzi wachache na mbwa mmoja aliyekuwa akilinda ndama. Alikuwa mbwa wa rangi ya vumbi, sikio moja lina pengo, na uso kama wa mjumbe wa baraza la kata anayesubiri wenzake wamalize kusema upuuzi.

"Anaitwa nani?" Stanley akauliza.

"Oldia."

"Maana yake nini?"

"Mbwa," Loishiye akasema.

Stanley aliona jina hilo halina mvuto. Njiani kurudi mjini akambatiza Furaha, maana hiyo furaha yenyewe alikuwa ameshaipanga kichwani. Kwenye simu za wageni alikuwa ameona mbwa wa Ulaya wanaodaka visahani hewani, wanaoleta kandambili za baba, wanaobingirika na watoto kwenye majani mpaka hujui mguu huu ni wa nani. Alijiona yeye na Furaha hivyo hivyo, majirani wakichungulia juu ya uzio kwa wivu.

Majirani walichungulia kweli. Stanley alinunua mpira mwekundu, akasimama katikati ya ua, akaurusha. Furaha akautazama ukiruka, akautazama ukidunda, akautazama ukisimama chini ya mgomba. Kisha akamgeukia Stanley kwa huruma, kama mtu anayekujulisha kwamba umedondosha kitu chako. Stanley akaenda kuuokota, akaurusha tena. Jioni ile aliyekimbilia mpira ni Stanley, aliyehema ni Stanley, na aliyelala usingizi mzito wa mchezo ni Stanley.

Kesho yake akaleta kamba. Alisikia kwamba mbwa hawezi kukataa kuvutana kamba. Furaha akaipokea mdomoni kwa adabu zote, na Stanley alipoanza kuvuta akaiachia papo hapo, maana kama mwenye kamba anaitaka kamba yake, ugomvi wa nini? Stanley akarudi kinyumenyume akaketi ndani ya beseni la nguo alizoloweka Nice.

Akajaribu kujificha. Alijibanza nyuma ya simtanki, akapiga mluzi, akasubiri mbwa achanganyikiwe kwa kumkosa bwana wake. Furaha alikuwa amemwona akienda, na hakuona sababu ya kumsumbua mtu mzima aliyejificha kwa hiari yake. Aliyemtafuta ni Nice, baada ya chakula kupoa, na alimpata kwa kufuata chafya.

"Unafanya nini huku?"

"Nacheza na mbwa."

Nice akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mbwa mwenyewe yuko wapi?"

"Kibarazani."

Nice akarudi ndani, akampigia simu binti yao Hanna, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, kumuuliza kama kustaafu kunaweza kumpanda mtu kichwani.

Kilichomuuma Stanley zaidi ni jirani. Ng'ambo ya uzio alikaa Mika, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na Mika alikuwa na mbwa aitwaye Popi. Popi alicheza na mpira, akacheza na ndoo, akacheza na ufagio, akacheza na fundi bomba. Asubuhi Mika aliegemea uzio na mswaki mdomoni, akasema, "Baba Hanna, huyo wako bado hujamwasha tu?" Ni kweli kwamba wezi walipoingia kwa Mika, Popi alicheza nao pia. Kulipokucha mtungi wa gesi haupo, na nyayo za mbwa zilionyesha amewasindikiza wezi mpaka getini akirukaruka. Lakini mtu mwenye wivu haoni mtungi, anaona mpira.

Hatimaye akampeleka Furaha kwa daktari wa mifugo, dada mmoja kijana aitwaye Naserian. Naserian akamwamkia shikamoo, akampima mbwa meno, masikio, tumbo na moyo, akamnyoosha miguu yote, naye Furaha akatulia kama yuko kwenye maombi.

"Mzee wangu, mbwa ni mzima kabisa."

"Mbona hachezi?"

"Hajisikii tu."

"Miezi yote hii hajisikii?"

Naserian akayatazama magoti ya Stanley yaliyochubuka kwa kukimbilia mpira. "Na wewe mzee, presha mara ya mwisho umepima lini?"

Stanley akatoka pale amekasirika, akampigia simu Loishiye hapo hapo barabarani.

"Loishiye, mbwa wako hachezi!"

"Hachezi na nani?"

"Na mimi!"

Mbuzi mmoja akasikika akilia kwa mbali.

"Stanley," Loishiye akasema mwishowe, taratibu, "hivi sasa umefikisha miaka mingapi?"

Lipo jambo moja ambalo Stanley hakulitia maanani, na lisemwe wazi hapa mbwa asije akalaumiwa bure. Kila jioni, akishachoka kukimbilia mpira wake mwenyewe, Stanley aliketi kibarazani na chai ya tangawizi akaanza kusimulia. Furaha alikuja kulala karibu na miguu yake, akainua sikio zima na lile lenye pengo, akamkazia macho. Stanley alimsimulia simba jike wa chini ya gari. Alimsimulia kiboko aliyeziba njia mpaka wageni wakakosa ndege, na Mjerumani aliyependwa na mbuni. Furaha hakumkatiza. Hakummalizia sentensi. Pale pa kucheka hakucheka, hilo ni kweli, lakini pia hakuchungulia simu. Jikoni Nice alipika kwa amani, na mchuzi ukawa na chumvi anayoitaka mwenyewe. Stanley aliyaona hayo yote kuwa ni mapumziko tu kati ya mchezo na mchezo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwa na simu yenye mbwa wa Ulaya ndani.

Mwezi wa saba, baridi ya Arusha ikiwa imeshika kweli, Stanley akakata shauri. Mtu aliyesomana macho na faru hawezi kudharauliwa na mbwa kwenye ua wake mwenyewe. Furaha atarudi Ngaramtoni. Loishiye akasema hana neno, amlete Jumapili baada ya kanisa. Nice alipoambiwa akajibu tu, "Mbwa ni wako," na siku hiyo mchuzi ulikuwa na chumvi kupita kiasi kweli, na Stanley akaumeza bila kusema kitu.

Jumamosi jioni alikaa kibarazani kama kawaida. Akaanza kumsimulia Furaha habari za duma aliyepanda juu ya boneti ya gari, akakaa akitazama nyika, na ndani mama mmoja wa Kifaransa akaanza kupiga chafya. Alipofika hapo akaweka kikombe chini. Akasema ni tangawizi imekolea. Akaamka akaenda kulala mapema, hadithi ameiacha duma yuko kwenye boneti, na Furaha akabaki anautazama mlango.

Jumapili hiyo ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Stanley alipakia sadaka yao kwenye pikapu: mkungu wa ndizi kutoka shamba la kina Nice Nkoaranga, jogoo, na gunia la mahindi. Furaha naye akapandishwa nyuma, kwa kuwa wangetoka kanisani moja kwa moja kwenda Ngaramtoni. Akajilaza pembeni ya gunia. Mbwa aliyelelewa kulinda, ukimweka karibu na kitu, anajua amekabidhiwa. Stanley alijua tabia za wanyama wote wa mbugani, ila hilo lilimpita.

Vijana wa kwaya wakapakua gari wakati Stanley na Nice wakisalimiana na watu. Gunia likabebwa mpaka mbele ya mlango wa kanisa, kwenye majani, mahali sadaka zote zilipopangwa kusubiri mnada. Furaha akashuka, akalifuata gunia, akalala ubavuni mwake. Kina mama wa mapambo wakapita kufunga utepe wa zambarau kwenye kila sadaka, kwenye mikungu, kwenye malenge, kwenye pembe za mbuzi. Wakamkuta mbwa ametulia katikati ya mavuno, hahangaiki, habweki, hamchezei jogoo. Wakaona mbwa wa hivyo lazima atakuwa ametolewa kwa Bwana. Wakamfunga utepe shingoni, tena walimchagulia mpana.

Ibada ilipokwisha Stanley akatoka nje na kitabu chake cha nyimbo, akamwona.

"Furaha! Njoo hapa. Njoo, baba."

Furaha akamtazama. Akalitazama gunia. Akabaki.

"Nani ametutolea mbwa?" akauliza Philemoni, mzee wa kanisa aliyekuwa mnadishaji, kwa kipaza sauti ambacho hakukihitaji.

"Hajatolewa!" Stanley akasema. "Amejilaza tu hapo."

"Mzee Stanley, kilichofika hapa mbele kimefika. Tena ana utepe." Philemoni akawageukia watu. "Halafu ndugu zangu, mbwa huyu ametulia hapa tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka. Wapo washarika humu hawawezi."

Watu wakacheka, na Stanley akaona kupinga zaidi ni kujiongezea aibu. Akajiambia potelea mbali. Mbwa alikuwa anaondoka leo kwa vyovyote vile. Kama haendi kwa Loishiye, aende kwa mwingine.

Kwa asiyejua, mnada wa mavuno una adabu zake. Hununui kitu ukaenda nacho nyumbani hivi hivi, huo ni uchoyo mbele za watu. Unakinunua, unamzawadia mchungaji. Mchungaji anashukuru, anakirudisha mnadani. Kinanunuliwa tena, kinazawadiwa kwaya, nayo kwaya inakirudisha. Yai lililotagwa Jumamosi linaweza kuezeka nusu ya paa la kanisa kabla halijafika kwenye kikaango cha mtu. Stanley alikuwa bingwa wa kurudisha. Na mwaka uliopita Mika, kwa kuwa alikuwa mgeni katika usharika, aliponunua nanasi na kulitia kwenye gari lake akaenda zake, ni Stanley huyu huyu aliyepaza sauti, "Haya, safari njema, Mzee Nanasi!" Jina likaganda. Mpaka leo watu wanaenda kununua saruji kwa Mzee Nanasi.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Mika. Mwenyekiti wa kwaya akapandisha, kwa utani tu. Mika akapandisha, bila utani. Bei ikapita ya jogoo, ikapita ya mkungu wa ndizi, na Philemoni akapiga meza. Mbwa akawa wa Mika.

"Huyu ndiye mbwa!" Mika akasema, akimzunguka Furaha kama anayekagua nondo. "Mimi wangu anacheza na wezi. Huyu hachezi na mtu. Nitamfunga nyuma ya stoo ya saruji, peke yake, hana haja ya kampani wala ya kuongeleshwa. Mbwa wa namna hii unamtafuta miaka."

Kisha akakumbuka nanasi. Uso ukamshuka. Akameza mate, akasema kwa shida kwamba anamzawadia mchungaji. Mchungaji Nathanael alikuwa na paka wengi nyumbani, na wote wana majina. Alisema anapokea kwa moyo wote, na kwa moyo huo huo anarudisha, na hayo yote aliyasema akirudi nyuma.

Stanley hakusikia neno la mchungaji hata moja. Kimawazo alikuwa bado nyuma ya stoo ya saruji. Alimwona Furaha amefungwa huko jioni, sikio zima limeinuliwa na lenye pengo limeinuliwa, anasubiri mtu aje aseme kitu, na hakuna anayekuja. Na duma bado yuko kwenye boneti! Nani atakuja kumwambia duma alishukaje? Hapo ndipo Stanley alipoelewa, kwa kuchelewa sana kwa mtu mwenye macho makali kama yake, kwamba anampenda mbwa yule. Anampenda vibaya sana.

"Haya, anauzwa tena!" Philemoni akaita. "Nani anaanza?"

"Mimi!" akapiga kelele Stanley, kwa sauti ya kuonya watu juu ya nyati.

Mika akapandisha. Stanley akapandisha kabla Mika hajafunga mdomo. Wakapita bei ya mbuzi. Mika akapandisha kidogo, Stanley akajipandishia mara mbili mfululizo kwa haraka, mpaka Philemoni akamwomba atulie, hapo anashindana na nafsi yake. Walipokaribia bei ya ng'ombe mdogo, Mika akapiga mahesabu, akakumbuka kwamba hata mtungi wa gesi haukufika huko, akakunja mikono. Philemoni akapiga meza.

Watu wakashangilia, na wakaanza kama ilivyo desturi, kwa makofi: "Ru-di-sha! Ru-di-sha!"

Wote walimtazama Stanley, bingwa wa kurudisha. Mchungaji akatabasamu kwa hofu. Kwaya ikawa tayari kupokea na kushukuru.

"Sirudishi," Stanley akasema.

Makofi yakakatika. Mahali fulani jogoo akawika, akaona hakuna anayemuunga mkono, akanyamaza.

"Mzee Stanley," Philemoni akasema, kipaza sauti amekishusha, "unasemaje?"

"Nimesema sirudishi. Naenda naye nyumbani."

Mika akapata nafasi aliyoingojea mwaka mzima. "Haya, safari njema, Mzee Mbwa!" Kanisa zima likaangua kicheko. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Stanley alijua kwamba jina lile limeshamshika, kwamba litamfuata sokoni na benki na siku moja litatajwa hata kwenye msiba wake, lakini hakusogea.

"Sasa tueleze basi," Mchungaji Nathanael akasema kwa wema. "Ana nini mbwa huyu? Anajua mchezo gani?"

"Hajui mchezo wowote," Stanley akasema. "Nimemrushia mpira mpaka bega limeteguka. Lakini nikiongea, ananisikiliza."

Hakuna aliyecheka mara moja. Sauti yake ilikuwa imetoka vibaya, imekwaruza, na kina mama wawili watatu waliinamisha vichwa. Kisha sauti ya Nice ikatoka benchi la mbele, ya upole kabisa.

"Na mimi je, Baba Hanna?"

Stanley akafikiri. Pale palikuwa kanisani, hapakuwa mahali pa kudanganya.

"Wewe unanijibu," akasema.

Kina baba wakacheka sana, wakawatazama wake zao, wakaacha. Kina mama wakacheka kwa muda wao wote.

Stanley akaenda mbele kumchukua mbwa wake. "Furaha, twende nyumbani." Furaha akamtikisia mkia mara moja, akabaki palepale. Gunia lilikuwa bado halijauzwa. Stanley akamsukuma kidogo, akambembeleza, akajaribu kumbeba akashindwa. Mwishowe akachoka. Akakaa chini, kwenye majani yenye umande, na suti yake ya Jumapili, katikati ya malenge na ndizi, na Furaha akamwekea kidevu juu ya goti.

Philemoni akasubiri wanyanyuke. Hawakunyanyuka. Akainua kipaza sauti.

"Ndugu washarika, sheria yetu mnaijua, kilichokaa hapa mbele kinauzwa. Tunacho kitu kinachofuata. Mzee mmoja. Dereva mstaafu. Anatembea mwenyewe, magoti yamechubuka kidogo. Anaongea. Nani anaanza?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini hakuna mkono ulionyooka. Stanley akatabasamu, akingoja. Akatazama upande wa kwaya, kwaya ikafungua vitabu. Akamtazama Mika, na Mika akawa anautazama Mlima Meru, uliofunikwa na wingu lote hata kitako chake hakionekani. Tabasamu la Stanley likaanza kuchoka. Utani ni utani, lakini mtu akiuzwa hapendi kukosa hata mteja mmoja.

"Hakuna?" Philemoni akauliza. "Hata kwa bei ya nyanya?"

"Yai moja," Nice akasema.

"Yai moja! Kuna mayai mawili?" Philemoni akageuka kila upande, akangoja kuliko ilivyohitajika. "Mara ya kwanza. Mara ya pili. Amekwenda kwa Mama Hanna!"

Na kabla meza haijapigwa vizuri watu wakaanza, kwa makofi na vigelegele, Mika akiongoza: "Ru-di-sha! Ru-di-sha!"

Nice akasimama, akafunga kitenge chake upya kiunoni, akawatazama washarika, akamtazama mchungaji, akamtazama mumewe. Hakuna mnyama wa mbugani ambaye Stanley aliwahi kushindwa kuusoma uso wake, lakini uso ule, alioishi nao maisha yake yote ya utu uzima, hakuweza kuusoma hata mstari mmoja. Jasho likamtoka katika baridi ile.

"Mama Hanna," akanong'ona, "usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Tulia kwanza," Nice akasema. "Nafikiri."

Makofi yakazidi. Yakaendelea mpaka mikono ikawauma, na bado Nice alikuwa anafikiri, na Stanley akamshika Furaha utepe wa shingoni kwa nguvu, kama mbwa ndiye aliyekuwa akiuzwa bado. Ndipo Nice akapita katikati ya malenge, akasimama mbele yao, akampangusa Stanley jani begani.

"Sirudishi," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa kwaya. "Huyu nimeshamzoea."

Halafu akamgeukia Philemoni, akamwomba aliuze lile gunia haraka, maana mbwa hatanyanyuka bila gunia, na mzee hatanyanyuka bila mbwa, na yeye mwenyewe anasikia baridi.